Wanaoanza Wakae Nchi Kavu

Redio ilikaa juu ya jokofu kwa sababu hapo ndipo mahali pekee jikoni pasipofikiwa na maji ya bomba linalovuja. Asubuhi ile, kama asubuhi zote za siku hizo, ndiyo ilikuwa njia pekee ya Mwalimu Kasa kumsikia mke wake akizungumza.

"Habari za asubuhi, wapenzi wa ufukweni," ilisema sauti ya mke wake, laini, yenye tabasamu ambalo nyumbani lilikuwa limeadimika. "Hii hapa hali ya bahari kwa siku ya leo."

"Msikie," Kasa akamwambia mama yake, mkate umemjaa mdomoni. "Wapenzi! Watu asiowajua kwa sura wala kwa jina anawaita wapenzi. Mimi jana nimeomba chumvi, akakupa wewe uniletee."

"Chumvi ilifika, haikufika?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Ilifika."

"Basi kula."

Kasa aliitwa Kasa, jina la kobe wa baharini, kwa sababu alizoea kutembea mchangani akiwa amebeba ubao mgongoni, shingo mbele, bila haraka, na ukimtazama kwa mbali ungeapa kwamba ametoka majini kutaga mayai. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kuteleza juu ya mawimbi: kulala juu ya ubao, kupiga maji kwa mikono, kisha kusimama na kuanguka, hasa kuanguka. Mke wake alifanya kazi katika kituo kidogo cha redio. Kila alfajiri alikusanya namba kutoka kwenye boya lililoelea mbali baharini, akazipima na picha za mawingu, kisha akawaambia watu bahari itaamkaje. Mjini walimwita Mama Hali. Wakikutana naye dukani hawakumsalimu kama watu wengine, walimwambia tu, "Hali?" na yeye alijua hawamuulizi kuhusu afya yake.

Walichogombania kilikuwa sentensi mbili tu. Kwenye sherehe ya dada yake Kasa, wageni walimsifu Mama Hali mpaka Kasa akaona yeye mwenyewe hatajwi. Akasimama na glasi mkononi. "Mke wangu anabahatisha vizuri, hilo simnyimi," alisema. "Na tumshukuru Mungu angalau bahari inamsikiliza, maana nyumbani hakuna anayemsikiliza." Watu walicheka wakamwaga vinywaji. Mama Hali naye alicheka, na hicho ndicho kilichomponza Kasa, kwani alidhani mambo yamepita. Walipofika nyumbani mwanamke alivua viatu, akafunga mdomo, na tangu siku hiyo hakuufungua tena mbele ya mumewe ila kwa kula na kupiga mswaki.

"Mawimbi yatakuwa ya kiunoni hadi kifuani," redio iliendelea, "yakivunjikia kwenye fungu la mchanga la katikati. Asubuhi anga safi, upepo mwepesi kutoka nchi kavu. Kuanzia mchana tunatarajia mkondo mkali wa kuvuta mbele ya mnara wa waokoaji. Haya ni maji yanayorudi baharini kwa kasi, na yakikushika hayakuulizi unakwenda wapi. Wanaoanza kujifunza, leo wakae nchi kavu."

Kasa aliweka kikombe chini. "Umesikia? Hiyo ni yangu mimi."

"Amesema wanaoanza. Wewe umeanza leo?"

"Anajua leo nina watu wa benki! Mji mzima unajua." Ni kweli mji mzima ulijua, maana yeye ndiye aliyeutangazia. Benki ilikuwa imeamua wafanyakazi wake, pamoja na meneja wao, wakajenge umoja kwa kuanguka majini pamoja, na Kasa alikuwa ameibembeleza ofisi ile kwa miezi. Wakipenda, watarudi kila mwaka, na ofisi nyingine zitafuata. "Siku zote bahari imetulia kama maji ya bakuli. Leo, leo hasa, imepata mkondo!"

"Mwanangu," alisema Bi Mkubwa, "yule anasoma hali ya bahari. Wewe unasikia hati ya talaka."

"Na hata hivyo amesema mchana. Mimi saa nne niko majini. Mchana ukifika watu wangu wameshajikausha wanakula ndizi."

Basi akachukua ile saa, na yale maneno mengine akayaacha juu ya jokofu pamoja na redio.

*

Watu wa benki walifika wakiwa wachangamfu kwa namna ya watu walioambiwa na bosi wao wachangamke. Kasa aliwagawia mavazi ya mpira, yale meusi yanayobana. Meneja alihitaji wasaidizi wawili kufunga zipu yake, mmoja akivuta na mwingine akisukuma tumbo, na wote wawili wakitazama pembeni kwa heshima. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kufunguliwa milango. Alipokabidhiwa ubao aliutazama kama anayetarajia uanze kumwamkia.

Kasa aliwalaza wote mchangani, juu ya mbao, akawafundisha kupiga mikono hewani. Kisha akanyanyuka, akajipangusa magoti, akaitazama bahari.

Aliuona.

Kulia na kushoto mawimbi yalikuwa yanavunjika meupe, kwa zamu, kama alivyosema mke wake redioni. Katikati, mbele ya mnara, palikuwa na ukanda usio na wimbi linalovunjika. Maji yake yalikuwa ya rangi nzito, yamechanganyika na mchanga, na mapovu juu yake yalikuwa yanakwenda upande usio wake, kuelekea nje. Mgeni angeona ndiyo sehemu tulivu kuliko zote. Kasa hakuwa mgeni. Alikuwa amewaeleza mamia ya watu kwamba sehemu tulivu kati ya mawimbi ni mlango, na mlango huo unafunguka kwa nje.

Lakini ilikuwa bado saa nne, na mkondo ulikuwa umetangazwa wa mchana, na aliyeutangaza hakuwa anasema naye. "Kivuli cha wingu," Kasa alijiambia. Wingu lenyewe lilikuwa upande mwingine kabisa wa anga, dogo, halina habari na mtu.

"Mwalimu," alisema meneja, akionyesha kwa kidole, "mimi nitaanzia pale palipotulia. Hawa vijana waende huko kwenye makelele."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Kasa alilipata, likamfika kwenye ulimi, kisha akafikiria ofisi zote zitakazofuata.

"Sawa, mheshimiwa," alisema. "Ila maji yasikupite kiuno."

Maji hayakumpita kiuno meneja. Yalimwondoa tu mahali kilipokuwa kiuno chake. Mara alikuwa amesimama ameukumbatia ubao, mara alikuwa mbali kuliko inavyofaa, anapunga mkono. Wafanyakazi wake nao wakampungia. Mmoja alitoa simu akampiga picha. "Bosi anaweza!" alipaza sauti mwingine, yule aliyekuwa anatafuta kupandishwa cheo.

Kasa alishakimbia. Aliurusha ubao wake ndani ya ule ukanda na kuulalia, na mkondo ukamchukua kwa furaha zote. Alimfikia meneja akiwa ameshapoteza ubao, anapigana na maji kama anayepigana na nyuki.

"Usishindane nayo!" Kasa alimpigia kelele. "Acha ituvute!"

"Ituvute wapi?" alilia meneja, na kwa kweli lilikuwa swali zuri.

Akamrukia Kasa shingoni. Wakazama wote wawili. Walipoibuka, ubao ulirushwa na wimbi ukampiga Kasa kwenye nyusi, na damu ikamziba jicho. Akazama tena na uzito wa benki nzima mabegani. Huko chini, katika ule ukimya wa kijani, hakumwona malaika wala hakuyaona maisha yake yakipita. Alichofikiria ni kwamba mke wake atapata habari hizi kazini, na kwamba huenda akalazimika kuzisoma.

Kisha ile mikono shingoni mwake ikalegea, na hilo lilimtisha kuliko ilipokuwa inamkaba. Alimpandisha meneja juu ya ubao, kifudifudi, akamshika. Mwokoaji, mwanamke mwenye mabega mapana asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshawafikia na ubao wake mrefu. Walisukuma kwenda pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka mkondo ukawachoka na mawimbi meupe yakawarudisha.

Meneja alilazwa mchangani, midomo ya rangi ya majivu. Mwokoaji alianza kumbonyeza kifua. Hakuna aliyepiga picha sasa. Yule wa kupandishwa cheo alikuwa ameshika kiatu cha bosi wake na kulia waziwazi. Kasa alipiga magoti, damu ikimdondokea kwenye vazi, akirudia neno moja tu, "Mzee, mzee, mzee," mpaka yule mtu akakohoa, akatapika bahari, chai na mayai aliyokula asubuhi, kisha akafungua macho.

"Meno," alisema.

"Anasemaje?"

"Meno yangu," alisema meneja, akijishika ufizi mtupu, na ndipo wafanyakazi wake walipojua kitu ambacho alikuwa amewaficha kwa miaka.

*

Zahanati ilikuwa nyuma ya soko. Meneja alipelekwa na gari la wagonjwa hospitali kubwa, ambako walimlaza kwa ajili ya mapafu. Kasa alishonwa papo hapo, ameketi juu ya kitanda chembamba, vazi la mpira limekatwa kwa mkasi hadi kiunoni. Bi Mkubwa alikuwa amemletea shati, na alikuwa ameketi pembeni na shati hilo mapajani kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga.

Mama Hali aliingia akihema. Viatu vyake vya ofisini vilijaa mchanga, maana alipitia kwanza ufukweni na kuambiwa kuna mtu amekufa, bila aliyejua ni nani. Alisimama mlangoni. Alimtazama mumewe toka kwenye uzi wa nyusi hadi vidole vya miguu, akivihesabu.

"Muulize kama anaona vizuri," alimwambia muuguzi.

Muuguzi aligeuka, sindano mkononi. "Si huyu hapa? Muulize."

"Muulize wewe."

"Unaona vizuri?" muuguzi alimuuliza Kasa.

"Mwambie naona."

"Anaona."

"Muulize anaona nini."

Kasa alitazama kwa lile jicho moja lililo wazi. Aliona mwanamke mwenye nywele zilizochanwa nusu, kitambulisho cha redio kimegeuka nyuma, na kidevu kinachotetemeka ingawa mwenyewe hakukipa ruhusa. "Mwambie namwona yeye," alisema.

"Jamani," alisema muuguzi, "mimi nimesomea kushona ngozi. Ndoa sikusomea."

Mama Hali alitoka ukumbini. Kasa alimsikia akipenga kamasi, kwa kishindo, kama meli inayoaga bandari. Alitaka kuamka amfuate, lakini alikuwa ameshikwa kwa uzi.

Ambacho hakujua ni kwamba mke wake hakuwa analia kwa ajili ya ile nyusi, au si kwa hiyo peke yake. Alikuwa anaifikiria saa nne.

*

Kesho yake alasiri wageni wawili walifika, kila mmoja na mtu wake. Mkuu wa kituo cha redio aliketi sebuleni na Mama Hali, juu ya kochi lenye springi iliyochomoza, na kwa adabu akavumilia. Mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kukodisha viti na miavuli, alimkuta Kasa uani kati ya mavazi ya mpira yaliyoanikwa kwenye kamba kama ukoo mzima wa watu walionyongwa. Katikati alipita Bi Mkubwa na sinia la juisi, na masikio.

"Kamati inakaa kesho," alisema mkuu wa kituo. "Wewe ulisema wanaoanza wakae nchi kavu. Imerekodiwa. Utasema hivyo, utaketi. Habari ya saa hakuna haja ya kuigusa."

"Nilisema mchana. Mkondo ulikuja asubuhi."

"Nimekwambia hakuna haja ya kuigusa."

"Na mume wangu?"

"Mume wako ni mtu mzima," alisema mkuu, akihamisha kalio lake kutoka kwenye springi. "Alisikia, akapuuza. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Uani mwenyekiti alikuwa ameshusha sauti. "Redio ilisema mchana. Wewe uliingia asubuhi. Umekosa nini? Hukukosa. Sema hivyo tu, sisi tutaandika kwamba utabiri ulikuwa mbovu, na kibali chako unabaki nacho. Mimi nakuhitaji, Kasa. Ufukwe usipokuwa na masomo, viti vyangu nitawakodishia kunguru?"

"Na yeye?"

"Watamtafuta mwingine. Kusoma namba ni kazi?"

"Ni mke wangu."

Mwenyekiti alionekana kushangaa kwa dhati. "Kwani mnaongea?"

Bi Mkubwa aliwasindikiza wote wawili hadi barabarani, kila mmoja kwa mlango wake, bila kumwambia yeyote habari za mwenzake. Jioni alipakua chakula, akaweka kibakuli cha chumvi katikati ya meza kabisa, mbali na mikono ya wote, akaketi.

"Mama," alisema Kasa, "naomba umwambie—"

"Nimestaafu."

"Mama," alisema Mama Hali, "nilikuwa nataka tu—"

"Nimesema nimestaafu. Nimekuwa tarishi katika nyumba hii tangu ile sherehe, bila mshahara, na goti hili. Mwenye haja na mwenzake ana mdomo."

Chumvi ilikuwa karibu na wote kwa urefu wa mkono ulionyooshwa na neno moja la kusema "naomba". Chakula kililiwa bila chumvi.

*

Kamati ilikaa katika mgahawa wa ufukweni ambao siku hiyo haukufunguliwa, viti vingine bado vimepinduliwa juu ya meza. Watu walijaa kuliko siku za biashara. Meneja alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo; aliketi mbele, taulo shingoni, kiganja mbele ya mdomo, kwani meno mapya yalikuwa hayajawa tayari. Hakuna aliyethubutu kumtazama moja kwa moja, na hakuna aliyeweza kuacha kumtazama.

Mama Hali aliitwa kwanza. Mkuu wake alimtikisia kichwa kumhimiza.

"Nilisema wanaoanza wakae nchi kavu," alisema. Akaketi.

Mkuu wa kituo alitabasamu. Mwenyekiti alifungua mdomo kumwita Kasa. Mama Hali akasimama tena.

"Na nilisema mchana," alisema. "Haikuwa mchana. Alfajiri boya lilituma namba mpya; mawimbi makubwa ya mbali yalikuwa yanakuja kwa kasi kuliko tulivyodhani. Kazi yangu ni kuzisoma namba za alfajiri. Mimi nilisoma za usiku."

"Kwa nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilichelewa kuingia studio."

"Ulichelewa kwa nini?"

Mama Hali alivuta pumzi. "Nilikuwa nje, kwenye ngazi, nafanya mazoezi ya maneno. Kuna mtu nilitaka kumtukana jioni, na nilitaka yatoke vizuri."

Watu walicheka. Mkuu wa kituo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kumtafuta mtu mwingine kichwani mwake.

"Anadanganya," alisema Kasa, akisimama.

"Sidanganyi!"

Mgahawa mzima uligeuza shingo. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia mumewe tangu ile sherehe, na karibu kila aliyekuwemo mle alikuwa amealikwa kwenye hiyo sherehe.

"Hiyo saa haina maana," Kasa aliendelea, na sasa alikuwa anamwambia yeye, si kamati. "Ungesema mchana, ungesema usiku, ungesema mwakani. Niliuona."

"Uliona nini?"

"Mkondo. Kabla hatujagusa maji. Ulikuwa mbele yangu kama barabara. Mapovu yanatoka nje, mchanga unatoka nje, kila kitu kinatoka nje. Nikajiambia ni kivuli cha wingu."

"Wingu gani? Nilisema anga safi!"

"Kulikuwa na kidogo."

"Uliuona ukaingia?"

"Ndiyo."

"Na watu wa watu?"

"Ndiyo."

"Mwendawazimu wee!" alisema Mama Hali, na hapo yale maneno yaliyofanyiwa mazoezi kwenye ngazi, pamoja na mengine ambayo hayakuwa yamefanyiwa mazoezi yoyote, yakatoka yote. Alimwambia kwamba ana kichwa cha nazi iliyokauka. Alimwambia kwamba alipoambiwa mtu amekufa ufukweni alikimbia na viatu hivi, hivi, na njiani alikuwa anamwomba Mungu awe mtu mwingine, mume wa mtu mwingine, mtoto wa mtu mwingine, na sasa aishi vipi na dua kama hiyo? Kasa alimwambia apunguze sauti. Akaiongeza. Kasa akasema kosa ni lake yeye Kasa, basi, yamekwisha. Mama Hali akasema hawezi kumnyang'anya kosa lake, lile la saa ni lake na atabaki nalo. Mwenyekiti aligonga meza kwa kijiko, hakuna aliyemsikia.

"Waache," alisema meneja, bila meno, na kila mtu akamsikia.

Aliondoa kiganja mdomoni. Uso wake ulikuwa umezeeka, umekuwa wa babu wa mtu.

"Kule chini," alisema polepole, akitafuta njia ya kila neno, "nilikojoa. Nilimwita mama yangu. Amekufa zamani, nikamwita. Huyu bwana alinishika, sikatai. Lakini ni yeye aliyenipeleka." Alimtazama Kasa. "Uliuona, ukaniita mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Kasa alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa mahakama, hata kwa ngumi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alisema, "Nisamehe, mzee," na sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu cha jirani. Meneja alirudisha kiganja mdomoni.

Kamati haikuchukua muda. Kasa alinyang'anywa kibali hadi msimu mwingine. Mkuu wa kituo hakusubiri hata kikao kifungwe. Alimwambia Mama Hali pale mlangoni kwamba kuanzia kesho hali ya bahari itasomwa na msichana wa matangazo, na yeye atasoma vitu vilivyopotea, saa kumi jioni: funguo, mbuzi, vyeti vya shule.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Bi Mkubwa akiwatangulia mbali, kwa mwendo ambao goti lake halikuwa limeuonyesha kwa miaka.

"Ile ya sherehe," alisema Kasa.

"Ipi?"

"Unaijua."

"Naijua. Nataka kuisikia."

Alisugua uzi wa nyusi. "Nilisema nyumbani hakuna anayekusikiliza. Nilitaka watu wanitazame mimi. Basi."

"Na ni kweli? Hunisikilizi?"

"Kila asubuhi. Sijawahi kukosa hata moja." Alitembea kidogo. "Kusikiliza nakusikiliza. Kukubali mbele ya watu kwamba unajua, hilo ndilo lililonishinda."

Mama Hali hakusema kitu hadi kwenye geti. Kasa alianza kuogopa kwamba mgomo umerudi. "Kichwa cha nazi," alisema Mama Hali hatimaye, akamfungulia.

*

Mwenyekiti, ambaye hakuwa na kinyongo mahali palipo na faida, alimpa Kasa kazi ya kupanga viti na kufungua miavuli. Watu aliowafundisha zamani walipita wakamwona amebeba viti mgongoni, wakageuza nyuso kwa huruma, jambo lililouma kuliko kama wangemcheka. Aliyakubali. Siku moja meneja alipita na meno mapya, akitembea ufukweni na mke wake, mbali sana na maji. Kasa alimfungulia mwavuli bila kuombwa. Meneja alikaa chini yake. Hawakusemeshana, lakini alikaa.

Mama Hali naye sasa alikuwa na asubuhi zote mikononi na hakujua pa kuziweka. Alizoea kuamka kabla ya jogoo. Aliendelea kuamka, akapanga kabati, akapanga na kabati lililokwisha kupangwa. Msichana wa matangazo alisoma hali ya bahari kwa haraka na kwa kubahatisha majina ya pepo, na Mama Hali alizungumza na redio mpaka Bi Mkubwa akaizima.

Asubuhi moja alitokea ufukweni. Kasa alikuwa ameinama juu ya mwavuli uliokataa kufunguka. Alipoinua macho alimwona mke wake amevaa vazi la mpira, lake Kasa, kubwa, limemkunjamana magotini kama ngozi ya mtu mwingine, na chini ya kwapa ameubana ubao wa wanafunzi, ule wa manjano.

"Nimenyang'anywa kibali," alisema Kasa.

"Cha kufundisha wateja. Mimi si mteja wako."

"Unataka nini?"

"Miaka yote hii nawaambia watu mawimbi ya kiunoni, mawimbi ya kifuani. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Nataka kujua ni kiuno cha nani."

Kasa aliuweka mwavuli chini. Hawakuingia mara moja. Walisimama pamoja wakaitazama bahari, muda mrefu, bila mmoja kumharakisha mwenzake. Kasa alionyesha pale maji yalipokuwa na rangi nzito. Mke wake akasema maji yakijaa zaidi patafunikwa, basi wasubiri. Wakasubiri. Waliketi kwenye viti vya mwenyekiti, vya kukodisha, bila kukodisha. Maji yalipojaa na mawimbi yakaanza kuvunjika mstari mmoja, toka huku hadi kule, mwanamke alisimama kwanza.

Wimbi la kwanza lilimpindua. La pili lilimpindua na kumwingia puani. La tatu lilimkalia. Kila alipoibuka alikuwa na jambo la kusema kuhusu bahari, na hakuna hata moja ambalo lingesomwa redioni. Watu walianza kukusanyika: mwokoaji mwenye mabega mapana, mwenyekiti, wauza ndizi. Wengi wao kwa miaka walimuuliza "Hali?" na sasa walikuwa wanajionea wenyewe.

Kasa alikuwa majini hadi kifuani, ameshika mkia wa ubao. Alitazama nyuma, akachagua wimbi, dogo, lenye tabia njema. Akasukuma.

"Piga mikono! Piga! Sasa, simama! Simama, mwanamke, simama!"

"Usinipigie kelele!" alijibu Mama Hali kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Nimekusikia!"

Akaweka goti moja, akaweka la pili, akatukana, makalio juu na kichwa chini, mikono imetapakaa kila upande. Na akasimama. Kwa muda wa kupiga chafya moja, si zaidi, alisimama juu ya maji, mdomo wazi, bila neno.